Mtoto Akija Kukuambia, Utamjibuje?

Popote ulipo, uwe jikoni unapakua chakula, uwe dukani unamsubiri mteja wa mwisho, au umekaa kwenye daladala na foleni haisogei, karibu tuzungumze. Jioni hii nataka tuongee habari za watoto wetu na mtandao. Na kabla hujasema, "Aa, mimi mwanangu sijamnunulia simu, hayo hayanihusu," nakuomba usibadilishe stesheni. Yanakuhusu.

Yanakuhusu kwa sababu watoto wengi hapa kwetu Tanzania hawana simu zao, wana zetu. Simu ya mama ikitoka kwenye chaji, mtoto ameshaichukua. Baba akiingia bafuni kuoga baada ya kazi, simu yake iko sebuleni na mtoto yuko sebuleni. Kuna simu ya dada wa kazi, kuna ya kaka aliyerudi kutoka chuo, kuna ya mjomba aliyekuja kutusalimia Jumapili. Mtoto wa darasa la tatu anaijua namba ya siri ya simu yako, na huenda ndiye aliyekufundisha kuweka picha kwenye status. Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya utafiti uliofanywa hapa nchini na UNICEF, ECPAT pamoja na INTERPOL, yaani polisi wa kimataifa. Walikuta kwamba katika watoto wa miaka 12 hadi 17, karibu wawili kwa kila watatu wanatumia intaneti. Wawili kwa kila watatu, msikilizaji. Kwa hiyo lile swali la kama mtoto aingie mtandaoni au asiingie limeshajibiwa. Ameshaingia. Swali lililobaki ni hili: akikutana na baya huko, atakuja kukuambia?

Lishike swali hilo, maana nitalirudia.

Tuchukue mfano. Simsemi mtoto wa mtu fulani, ni mfano tu, lakini walimu na maofisa ustawi wa jamii wanaonisikiliza watautambua upesi.

Ni likizo ya Desemba. Binti yuko darasa la sita. Mama ameshinda sokoni, na simu yake ya zamani imebaki nyumbani ikiwa na bando. Binti anacheza gemu, lile ambalo unacheza na watu walio mbali usiowaona. Humo anapata rafiki. Rafiki anasema na yeye ana miaka 12, anasoma Mwanza. Ni mkarimu sana. Anamzawadia almasi za kwenye gemu, zile ambazo watu huzinunua kwa hela. Anamsifu anavyocheza. Baada ya siku chache anasema, "Nipe namba tuchati WhatsApp." Wakifika huko, maswali yanabadilika. "Uko na nani nyumbani?" "Mama anarudi saa ngapi?" "Hii simu nani mwingine huwa anaishika?" Kisha linakuja lile neno ambalo kila mtoto anapaswa kufundishwa kulikimbia: "Usimwambie mtu, hii ni siri yetu." Halafu anaomba picha. Kwanza ya uso. Halafu akiwa na sare ya shule. Halafu anaomba picha ambayo mtoto hatakiwi kuombwa na mtu yeyote duniani. Na binti, kwa kuona haya kumkatalia rafiki aliyempa zawadi, anatuma.

Hapo hapo rafiki anageuka. "Tuma nyingine. Usipotuma, hii naipeleka kwa baba yako. Naipeleka na kwenye grupu la wazazi. Jina la shule nimeshaliona kwenye sweta."

Msikilizaji, tusimame hapo kidogo. Mtu huyu hana kisu. Pengine yuko mkoa mwingine, pengine yuko nchi nyingine kabisa. Anamtishia mtoto kwa kitu gani? Anamtishia kwa baba yake. Anamtishia kwa mama yake, yule yule aliyeko sokoni anamtafutia ada. Amekaa akapiga hesabu, akaona kwamba katika nyumba nyingi mtoto akisema maneno haya, jambo la kwanza atakalopata ni kofi, na la pili ni kuambiwa, "Umetutia aibu." Hasira yetu ndiyo silaha yake. Binti yule angekuwa na hakika kwamba baba atamwambia, "Njoo mwanangu, nionyeshe, hili sasa ni langu," kitisho kingekwisha siku ile ile.

Je, ni wasichana peke yao? Hapana, na hapa wengi wetu tumelala. Mvulana wa kidato cha pili anaandikiwa na msichana mzuri, picha yake inavutia, wanachati wiki nzima, wanatumiana picha. Msichana hayupo. Ni mtu mzima ametumia picha ya mtu mwingine, na sasa anadai pesa: tuma elfu hamsini, la sivyo picha zako zinakwenda kwa ndugu zako wote wa Facebook. Kijana wa kidato cha pili ataitoa wapi elfu hamsini? Anaitoa kwenye simu ya baba, usiku, baba akiwa amelala. Asubuhi baba anaona salio limepungua. Kijana anapigwa kwa wizi, anaitwa mwizi mbele ya wadogo zake, na hakuna aliyemuuliza pesa zile zimekwenda wapi. Naye hasemi. Atasemaje? Afadhali aitwe mwizi. Mzazi mwenzangu, mtoto asiyekuwa na tabia hiyo akianza ghafla kuiba pesa nyumbani, au akiacha kula, au simu ikilia anashtuka na kuigeuza kifudifudi, mkalishe chini kwa upole umuulize. Usianze na fimbo.

Najua wako watakaoniambia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mfunze mtoto akiwa mdogo. Lakini mtoto aliyelaghaiwa na mtu mzima ameumizwa, na aliyeumizwa hapigwi ili akome kuumizwa.

Ile ripoti ya 2022 ina mambo mawili ambayo yamenikaa moyoni kuliko hesabu zake. La kwanza, watoto waliofanyiwa ukatili huu kwa njia ya mtandao ni wachache sana waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada. Waliosema, wengi walimwambia rafiki, mtoto mwenzao. Wengine hawakumwambia mtu. La pili, aliyewafanyia mara nyingi walikuwa wanamjua. Sikiliza hapo. Sisi tukisikia hatari ya mtandao tunamfikiria mgeni wa mbali, kumbe mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamwamkia shikamoo. Ni mtu wa mtaani, ni ndugu, ni mtu anayemfundisha kitu. Simu inampa nafasi ya kuzungumza na mtoto usiku bila kugonga mlango wenu. Sisemi tuanze kumshuku kila jirani. Nasema mtoto aambiwe waziwazi kwamba akiandikiwa jambo baya na mtu tunayemheshimu, heshima ya mtu huyo haimfungi mdomo. Hata kama ni mjomba. Hata kama ni mwalimu, hata kama ni kiongozi wa dini.

Sasa tufanyeje? Nianze na lile lisilogharimu hata shilingi, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie mtoto kabla halijatokea. Usingoje. Mkiwa mnachambua mboga, mkiwa mnarudi kutoka msikitini au kanisani, mwambie hivi: "Mwanangu, mtu yeyote akikuandikia au akikutumia kitu cha kukutisha, au akakuomba picha ya mwili wako, njoo uniambie. Hata kama wewe ndiye uliyeanza kumjibu. Hata kama umeshatuma. Sitakupiga, na simu sitakunyang'anya." Hilo la simu usilisahau. Mtoto wa leo anaogopa kunyang'anywa simu pengine kuliko anavyoogopa bakora, na kwa hofu hiyo atanyamaza.

Kisha ahadi yako itapimwa, na itapimwa kwa jambo dogo. Mtoto atakuja siku moja akuambie, "Mama, nilikuwa natafuta katuni ikatokea video mbaya." Siku hiyo ukimkemea, "Umeitafuta mwenyewe wewe," umeshajibu na maswali yote ambayo angekuja nayo baadaye. Lakini ukimwambia, "Umefanya vizuri kuniambia, hebu tuifunge pamoja," basi umefungua mlango. Jambo kubwa likija, atajua pa kupita.

Kama hujui mambo ya mtandao, usione haya. Mruhusu mtoto akufundishe. Muulize, "Hili gemu linachezwaje? Huyu mnayecheza naye ni nani? Umeshamwona kwa macho?" Hapo unajifunza, na papo hapo unamlinda. Sisi wa Pwani hatumfungii mtoto ndani asiione bahari. Tunamfundisha kuogelea, tunamwambia maji yanajaa saa ngapi, na anapoogelea kuna mtu mzima ufukweni. Mtandao nao tuufanyie hivyo hivyo: simu itumike sebuleni, watu wakiwepo, na usiku ilale chumbani kwa wazazi.

Yako na mambo machache ya kwenye simu yenyewe. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, halafu faragha, halafu vikundi, uchague kwamba ni watu unaowajua tu wanaoweza kukuingiza kwenye grupu. Dakika moja. Kama simu ni ya Android na mtoto ana yake, iko programu ya bure ya Google inaitwa Family Link, unaona anapakua nini na unapanga muda wake. Wadogo kabisa wawekee YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida. TikTok, Instagram na Facebook, kwa masharti yao wenyewe, haziruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Kwa hiyo ukimfungulia akaunti mtoto wa miaka tisa kwa kumwongezea umri, mitandao hiyo inamhesabu kuwa mkubwa kuliko alivyo, na inamletea mambo ya wakubwa. Hayo yafanye. Lakini usidhani kwamba ukishayafanya umemaliza, maana mtoto ana rafiki, na rafiki ana simu ya kaka yake.

Twende kwenye lile gumu. Limeshatokea. Mtoto amekuja analia, anakuonyesha simu. Ufanye nini?

Neno lako la kwanza liwe, "Asante kwa kuniambia. Hukukosa kwa kuja kwangu." Sema hivyo hata kama mikono inakutetemeka. Hasira iweke kando mpaka mtoto alale.

Halafu, usilipe. Ukimlipa mtishaji leo, kesho atarudi na bei mpya. Usimtukane wala usianze kubishana naye. Na usifute chochote. Wazazi wengi kwa uchungu hufuta kila kitu, na ushahidi unakwenda. Piga skrinishoti za vitisho, namba ya simu, jina la akaunti, tarehe. Ukishamaliza, mfungie asiweze kuandika tena.

Nina onyo moja hapa, nalo nalisema polepole. Picha ya mtoto usiisambaze. Usimtumie shangazi aone, usimtumie mwenyekiti wa mtaa, usiiweke kwenye grupu la ukoo eti ushahidi. Kila unapoituma, unamvua nguo mtoto upya. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu kuwa kosa la jinai kusambaza picha za utupu za mtoto. Simu yenyewe ipeleke kwa wanaohusika, wao watajua la kufanya.

Nani wanaohusika? Piga 116. Ni Simu ya Huduma kwa Mtoto, hulipii kitu, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Wanaonisikiliza Kenya na Uganda, namba ni hiyo hiyo, 116. Au nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto; hapo kuna askari waliofundishwa kuzungumza na mtoto, na hutalazimika kueleza mambo haya kaunta mbele ya watu. Au mwone ofisa ustawi wa jamii.

Na kama mnahofia picha itatupwa kwenye mitandao, iko huduma ya bure inayoitwa Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Ilitangazwa kwa umma 2023. Inavyofanya kazi, picha haitoki kwenye simu yako. Simu inaisoma picha na kuitengenezea alama yake ya pekee, kisha alama hiyo tu ndiyo inayotumwa kwa mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, ili picha hiyo ikionekana huko iondolewe. Haifiki kwenye mazungumzo ya WhatsApp, lakini inasaidia.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Aliyefanya akijulikana ni ndugu au jirani, wazee hukaa kikao, faini inatolewa, watu wanashikana mikono, tunasema tumeyamaliza kifamilia. Nani ameulizwa? Mtoto hakuulizwa. Aliyemtendea bado ana simu, bado ana namba za watoto wengine wa mtaa ule. Mimi kikao hicho sikikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya 2011. Kuyamaliza kifamilia ni kumlinda mkosaji.

Tuingie shuleni. Utaniambia shuleni simu haziruhusiwi. Sawa, lakini shule yenyewe ina simu. Angalia grupu la wazazi. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, anaweka picha za watoto waliofanya vizuri: majina yote matatu, darasa, nembo ya shule, na gari la shule linaloonyesha njia linayopita. Mzazi mmoja anaichukua anaiweka status. Yule mtu wa kwenye mfano wetu anataka nini zaidi? Walimu wangu, ombeni ridhaa ya mzazi kabla ya kuweka picha ya mtoto, na majina kamili yaacheni. Na mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi kuhusu kazi ya nyumbani yapitie simu ya mzazi. Mwalimu mwema hatapungukiwa na kitu kwa utaratibu huo, na asiye mwema atakosa pa kupita.

Liko na lile la stika. Watoto wanampiga picha mwenzao akiwa amesinzia, au analia, wanaigeuza kuwa stika ya WhatsApp, na siku tatu baadaye shule nzima inamcheka. Siku hizi hata picha za uongo zinatengenezwa kwa akili mnemba, sura ya mtoto wa watu ikabandikwa kwenye mwili usio wake. Sisi wakubwa tunasema ni utani wa watoto. Mtoto anayechekwa darasani, akirudi nyumbani anachekwa kwenye simu, akilala anajua kesho kutakucha anachekwa, huyo hana mahali pa kupumzika. Mwalimu akiliona, alishughulikie kama anavyoshughulikia ngumi. Serikali imeagiza shule ziwe na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule. Mzazi, siku ukienda kwenye kikao cha shule uliza: dawati letu liko wapi, na mwalimu wake ni nani? Halafu rudi nyumbani umuulize mtoto kama anamjua mwalimu huyo, na kama anaweza kumwendea bila woga. Jibu la mtoto ndilo la kuaminiwa.

Na wewe mtoto uliyekaa hapo karibu na redio, naomba na wewe unisikilize. Mtu akikuambia mtandaoni kwamba hili ni siri yetu, hapo hapo mwambie mtu mzima unayemwamini. Kama umeshatuma picha, hujafika mwisho wa dunia, na hukufanya kosa la kukunyima msaada. Mkubwa wa kwanza akikukaripia, nenda kwa wa pili. Bibi yupo, mwalimu yupo, 116 ipo.

Wazazi, walezi, walimu, muda wetu unakwisha. Niliuliza mwanzo: mtoto akikutana na baya, atakuja kukuambia? Simu ya mtoto haitakupa jibu. Nakuomba usiku huu, kabla hamjalala, umwambie ile ahadi: akisema hatapigwa, na simu hatanyang'anywa. Kama yuko bweni, mwambie siku ya kutembelewa. Na namba ile iandikeni pale ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona: 116, bila malipo.